Mapacha Kuanzia ya Kwanza

Daktari alinishona mlango wa kizazi mimba ikiwa na wiki kumi na nne, akaniambia nikalale. Mie nikadhani nikalale siku ile. Akarudia polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia: kulala mpaka nijifungue, kuinuka kwa choo na kuoga tu, na huko kuoga kwenyewe niwe nimekaa kwenye stuli. Nikahesabu miezi kwa vidole, mkono mmoja haukutosha.

Zilikuwa zimeshatoka mbili kabla ya hiyo. Zote mwezi wa tano, zote bila uchungu wa kunishtua, najikuta tu nimelowa na kila kitu kimeisha. Kwa hiyo sikubisha.

Kazi yangu ilikuwa kusuka. Nilikuwa na kiti changu kwenye saluni moja Tegeta, nasimama toka asubuhi mpaka jioni, na tulikuwa tumepanga chumba ambacho choo chake kiko ng'ambo ya uwanja. Mume wangu ni fundi mitambo, wakati ule yuko Mtwara, anakuja mwisho wa mwezi siku nne halafu anaondoka. Ikaamuliwa nihamie Boko kwa mama yake. Nasema ikaamuliwa kwa sababu sikumbuki nani aliamua. Nilijikuta nimelala ubavu kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, mfuko wa nguo umewekwa miguuni, natazama nguzo za umeme zikipita kichwa chini.

Mama mkwe alinipa chumba cha uani, kilichokuwa kimya kuliko vyote. Ni mtu wa pwani hii tangu mababu zake, mjane, mwenye sauti ndogo ambayo nyumba nzima inaisikia. Aliweka matofali mawili mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa chini, ili miguu yangu iwe juu kuliko kichwa. Asubuhi aliniletea uji, akasimama mpaka nimalize, akachukua kikombe. Mchana vivyo hivyo, jioni vivyo hivyo. Akinikuta nimekaa, alisema, "Mwanangu, lala," nami nalala.

Dirishani palikuwa na ukuta wa jirani na tangi jeusi la maji. Basi. Nilijua lini jirani anavuta maji na lini tangi linafurika. Wiki ya tatu nilianza kumchukia yule jirani ambaye sijawahi kumwona, kwa kuacha maji yamwagike na yeye ana miguu ya kwenda kufunga bomba.

Mama mkwe hakuweza kuwa nami muda wote. Jumatatu na Alhamisi, baada ya adhuhuri, alikuwa na darsa ya akina mama msikitini, na hakuwahi kuikosa hata siku aliyougua mafua. Siku hizo aliniacha na wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Alikaa kwenye ndoa miaka saba, hakupata mtoto, akapewa talaka na kurudi hapo Boko. Mie na yeye tulikuwa hatuzungumzi. Tulisalimiana, ndiyo, tena kwa adabu zote, lakini tulikuwa hatuzungumzi. Mimba yangu ya pili ilipotoka, alisema mbele ya wanawake kwenye shughuli ya ndugu yao kwamba kaka yake kaoa mtungi uliotoboka. Sikuwepo. Niliambiwa na mtu aliyekuwepo, na nililibeba lile neno mwaka mzima bila kulitoa mdomoni.

Alhamisi ya kwanza alikaa kwenye kiti mlangoni na simu yake. Hakuniangalia, nami nikauangalia ukuta wa jirani. Jumatatu iliyofuata vilevile. Alhamisi ya pili aliinuka, nikasikia kelele za vitu kusogezwa sebuleni, kisha akatokea amekumbatia televisheni kama mtu aliyebeba mlango. Akaiweka juu ya meza ya nguo, akachomeka waya, akatoa flashi kwenye mfuko wa dera.

"Unaangaliaga filamu?" akaniuliza.

"Naangalia. Nisipokuwa na kichwa cha mtu mkononi."

"Za Mapacha umeona?"

Kila mtu ameziona za Mapacha. Ni sehemu tisa, za kutoka Asia, zimetafsiriwa na mtu mmoja mwenye sauti ya kukwaruza anayeongea juu ya sauti za waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, na kutia mambo yake. Ni pacha wawili wa kike waliotenganishwa udogoni. Mmoja kawa polisi, mtafsiri anamwita Afande. Mwingine kawa jambazi, anamwita Mjanja. Mwigizaji ni yuleyule mmoja anayecheza kotekote. Saluni kwetu zilikuwa hazikauki kwenye televisheni, lakini mie nilizionea mgongoni. Nimesuka huku nageuka. Nilijua pikipiki inayoruka juu ya treni, nilijua harusi inayovamiwa, sikujua ipi inatangulia ipi.

"Nimeziona ziona," nikasema. "Weka ile ya harusi."

"Ile ni ya tano."

"Basi weka hiyo ya tano."

"Haziangaliwi hivyo," wifi akasema, kwa sauti ileile ya mama yake. "Tunaanza ya kwanza."

Nilikuwa naambiwa lini nikojoe na nilalie ubavu gani. Sasa naambiwa nianze filamu ipi. Akabonyeza.

Ya kwanza ni ndefu na polepole. Mapacha hawakutani mpaka dakika kumi za mwisho. Nilisinzia katikati, nikaamka, nikauliza huyu ni yupi, wifi akasema, "Afande. Mjanja anabana nywele kushoto." Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyokuwa ameniambia mwaka ule. Adhana ya alasiri ilipolia alichomoa waya, akabeba televisheni akairudisha, akafuta vumbi la mezani kwa upande wa khanga ili pasibaki alama. Mama mkwe alikuwa na imani kwamba mwenye mimba akitazama damu na ngumi, mtoto huzaliwa na hasira. Kwa hiyo tuliziangalia kwa wizi, wanawake wawili wazima.

Umeme ulikuwa unakatika, au darsa inaisha mapema, kwa hiyo filamu moja ilichukua siku mbili, wakati mwingine tatu. Ningesema uongo nikisema nilizipenda. Ya pili ilinichosha kwa kupigana. Lakini ilifika mahali Jumatano usiku nikawa nahesabu saa za Alhamisi, si kwa sababu ya Afande wala Mjanja, ni kwa sababu kitu kilikuwa kinakwenda mbele. Kila kingine kwenye kile chumba kilikuwa kilekile. Tumbo lenyewe lilikua nisilione, nimelala nalo tu.

Wifi yeye alizijua kwa moyo. Alimwahi mtafsiri maneno. Alikuwa upande wa Mjanja, waziwazi, tangu mwanzo.

"Huyo jambazi," nikamwambia siku moja.

"Nani alimfundisha kazi nyingine?" akanijibu, na ilionekana ni jibu alilowahi kulitoa mahali pengine, kwa mtu mwingine.

Wakati wa ya tatu ndipo alipotokwa na neno kwamba ya tisa hajaiona. Nilishangaa. Mtu anayejua mpaka rangi ya viatu.

"Ilitoka mwezi niliorudi hapa," akasema. "Tulikuwa tunaangaliaga wote na yule bwana. Ya kwanza mpaka ya nane. Hiyo moja nikaiacha."

"Na imo humo kwenye flashi?"

"Imo. Zimo zote tisa."

Nilikaa na jambo moja kifuani: mwisho wa ya tisa nilikuwa nimeuona. Ulipita saluni siku moja nikiwa namalizia kichwa cha bi harusi, na saluni nzima ilisimamisha kazi. Afande anapigwa risasi darajani, na sare yake, na pacha mwenzake amemshika. Wateja walilia. Mie nilishika rasta mkononi na kutazama mpaka mwisho, kisha nikaendelea. Sasa nilijua kitu asichokijua wifi. Nikakiweka.

Ya nne ndiyo ile ambayo mapacha wanabadilishana, kila mmoja anaishi maisha ya mwenzake, na mie nilipotea kabisa. Wifi alisimamisha filamu mara nyingi kunieleza. Alisogeza kiti kutoka mlangoni mpaka ubavuni pa kitanda. Siku moja aliniletea embe mbichi na pilipili na chumvi bila kuniuliza, tukala wote sahani moja. Mtu angetuona kwa dirishani angesema hawa ni ndugu.

Wiki ya ishirini na saba ya mimba tulikuwa tumemaliza ya tano. Siku moja wiki hiyo mama mkwe alikuwa darsani, wifi katoka korido kupokea simu. Alikuwa anaongea na rafiki yake. Nyumba ilikuwa kimya, kila neno lilinifikia.

"Siji," alisema. "Nitakujaje? Mie nimefungwa hapa, namlinda mke wa mtu kama mlinzi wa benki. Hata nikienda dukani nachungulia saa."

Alikuwa anasema kweli. Ndicho kilichoniuma. Aliporudi nilimwambia, "Wifi, kama umechoka, nenda."

"Niende wapi?"

"Popote. Una miguu."

Akaniangalia. "Umesikiliza simu yangu?"

"Nimelala hapa. Nisisikilize nini?"

"Basi usinifukuze nyumbani kwetu."

Hapo likatoka. Nilimuuliza alisema au hakusema, mbele za watu, kwamba kaka yake kaoa mtungi uliotoboka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Mwaka mzima nilikuwa nimepanga nitakavyomshika akikana, nani shahidi, nani alikaa wapi.

"Nilisema," akajibu.

Basi. Mie maneno yote niliyopanga yakakosa pa kwenda. Nikatafuta kitu chochote cha kumpiga nacho, na nilikuwa nacho kimoja tu.

"Afande anakufa," nikasema. "Ya tisa, mwishoni. Anapigwa risasi darajani, mwenzake kamshika. Ndiyo imeisha."

Alichomoa waya wa televisheni, akaukunja vizuri, akaibeba na kuondoka nayo. Nilimsikia akiiweka sebuleni. Nilisikia hata akiinyoosha isimame sawa.

Siku zilizofuata aliniletea maji ya kuoga, akaniletea chakula, akanisaidia kukaa kwenye stuli, yote kwa mkono mwepesi na mdomo uliofungwa. Mama mkwe ndiye aliyelisema. Alikuja na uji, akasimama kama kawaida yake.

"Mbona yule bwana wenu haongei siku hizi?"

"Bwana gani, mama?"

"Yule wa kwenye filamu mwenye koo bovu. Jirani aliniuliza kama nimepangisha chumba." Akachukua kikombe. "Mkigombana, gombaneni umelala."

Kumbe alijua siku zote. Nikajiona mjinga kwa zile khanga na vumbi.

Alhamisi mama mkwe alipoondoka, wifi hakuja kukaa. Nikasikia televisheni ya sebuleni inawashwa. Kisha sauti ya mtafsiri, na muziki wa mwanzo, ule wa ngoma tatu. Alikuwa ameweka ya sita. Peke yake.

Sijui nitalielezaje hili kwa mtu ambaye hajalala miezi mitatu akitazama tangi. Kutoka pale kitandani nilisikia kila kitu na sikuelewa kitu. Mtafsiri anacheka, watu wanapiga kelele, kimya, mlango unafungwa, mtafsiri anasema, "Sasa Mjanja kaingia mwenyewe." Kaingia wapi? Filamu ambayo sikuipenda wala kuichukia, ambayo saluni niliipa mgongo, ilinivuta kama niliyeachwa nyuma na gari lenye mizigo yangu yote. Nilivumilia kadiri ya nusu saa. Halafu nikashusha miguu.

Nilikwenda taratibu, nimeshika ukuta. Korido yao inapinda kabla ya sebule, na ukisimama kwenye ile kona unaona nusu ya kioo cha televisheni na kisogo cha aliyekaa kwenye kochi. Nikasimama hapo. Sakafu ilikuwa ya baridi, tamu kwenye nyayo. Mjanja alikuwa gerezani, ndipo alipoingia mwenyewe, kumtafuta mtu. Nilikuwa naona nusu ya uso wake. Sikumbuki nilisimama muda gani. Dakika ishirini, labda zaidi. Nakumbuka nilifurahi, na ndiyo sehemu ninayoionea haya mpaka leo. Nilisahau kabisa kwamba nina mimba.

Kisha nikahisi joto ndani ya paja. Nilijua kabla ya kuangalia chini.

Sikupiga kelele. Niliita, "Wifi," mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama ninayeomba maji. Aligeuka. Aliona uso wangu, akaona sakafu, na alivuka ile sebule sijui kwa hatua ngapi. Alinilaza palepale koridoni, akaninyanyua miguu akaiweka mabegani mwake, na huku anapiga simu kwa jirani wa gari. Kule nyuma mtafsiri alikuwa bado anaongea. Hakuna aliyekwenda kuzima.

Hospitali walinikuta uzi umeshika. Daktari alisema umeshika kwa bahati, mlango umeanza kulegea, na nusu saa nyingine ya kusimama tungekuwa tunaongea mengine. Aliandika, kisha akainua macho.

"Ulikuwa unafanya nini umesimama?"

Nikafungua mdomo. Wifi akawahi. "Alikuwa anakwenda chooni, daktari. Mie ndiye niliyechelewa kumpeleka."

Daktari akamsema wifi. Alimsema sana, mbele ya manesi, kwamba mgonjwa kama huyu haachwi, kwamba kama hawezi kazi ya kuuguza aseme. Wifi alikuwa anaitikia tu, "Sawa, daktari," mikono imefumbatwa mbele, dera limetota damu yangu upande mmoja. Nami nikalala pale nikamwacha asemwe.

Nililazwa siku nane. Wodini hata ukuta wa jirani haukuwepo, ilikuwa pazia la kijani. Wifi ndiye aliyelala na mie hospitali, kwenye mkeka chini ya kitanda. Siku ya tatu au ya nne, ananipaka mafuta miguuni, alisema bila kuinua kichwa, "Niliongeza sauti makusudi. Nilitaka usikie na usione."

"Nilijua," nikamwambia. Sikuwa najua. Lakini nilitaka aache kuinamisha kichwa.

"Na lile neno la mtungi." Alisugua kisigino changu kimoja muda mrefu. "Siku ile nilikuwa na mwezi mmoja tangu nirudi. Kila mwanamke pale alikuwa ananitazama tumbo. Nikawapa lako waliangalie."

Sikumwambia nimekusamehe. Lilikuwa bado linauma, na sikutaka kusema jambo ambalo kesho nisingeliweza. Nilimwambia mguu wa pili nao umekauka, akahamia mguu wa pili.

Tuliporudi Boko mama mkwe alikuwa ametundika televisheni chumbani kwangu, ukutani, kwa misumari na fundi wake. Hakutoa maelezo. Alisema tu kwamba ikiwa lazima watu wapigane, basi wapigane mchana na sauti ndogo.

Wifi aliweka ya sita, kuanzia mwanzo kabisa. Nikamwambia aruke pale nilipofikia. Akakataa. "Uliona nusu kioo," akasema.

Ya saba walibadilisha mwigizaji. Kapatikana mwingine, mrefu zaidi, na mtafsiri mwenyewe alilalamika filamu nzima. Ya nane inarudi nyuma kwenye utoto wa mapacha, na wifi alinieleza kwamba kuna watu huianza hiyo kwanza, na kwamba watu hao hawajui wanachofanya. Mama mkwe alikuja kusimama mlangoni siku ya ile ya nane, kwa sababu kulikuwa na watoto. Akakaa. Alikuwa na tasbihi yake, anavuta punje huku anatazama. Sisi bado tulikuwa tunawatambua kwa nywele za kushoto na za kulia, yeye baada ya dakika tano akawa anawatofautisha hata migongo yao.

"Huyu ndiye atakayekuwa mwizi," alisema.

"Umejuaje, mama?"

"Anamgawia mwenzake kwanza. Halafu anakosa."

Ya tisa tuliiweka mimba ikiwa wiki ya thelathini na tano. Mie sikutaka. Nilimwambia wifi aende akaiangalie peke yake sebuleni, mie nimeshamharibia, angalau nisimkalie pale. Akasema tumeanza wote.

Ilikuwa Jumatatu, mama mkwe yuko darsani. Filamu ilikuwa haijafika hata robo, wapo kwenye chumba cha hoteli, Afande anavua sare yake. Mjanja anaichukua. Anaivaa. Afande anavaa koti la mwenzake, wanabana nywele upya mbele ya kioo, kila mmoja upande wa mwingine, wanacheka. Wifi akasimamisha filamu. Aligeuka akanitazama.

"Ulisema anakufa Afande."

"Ndivyo nilivyoona."

"Uliona sare."

Nilikumbuka lile daraja, bi harusi kakaa kwenye kiti changu, wateja wanalia. Nilikuwa nimeuona mwisho bila kuona mwanzo, na nilimuua mtu ambaye siye. Nikasema, "Wifi, nisamehe. Zima."

Hakuzima. Alikaa na rimoti mkononi, na nilimwona usoni mambo mawili yanapishana: kwamba alikuwa ameshaiweka tayari roho yake kwa wiki kadhaa kuwa atakayebaki ni Mjanja, na sasa amenyang'anywa, na kwamba mwisho umerudi kuwa hajui utakavyokuja. Akabonyeza. Tulitazama mpaka darajani. Mtafsiri, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila maiti wa sehemu nane, pale alinyamaza akaacha tusikie sauti ya mwigizaji mwenyewe kwa lugha yake. Wifi alilia, kwa sauti, kama anavyolia mtu msibani, na kwenye kilio kile sikuweza kujua lipi ni la filamu na lipi ni la miaka saba. Niliweka mkono wangu mgongoni kwake. Ulifika nusu tu, kwa sababu nilikuwa nimelala.

Wiki ya thelathini na saba walikata uzi. Siku tatu baadaye nikajifungua mtoto wa kike, mwenye kilo mbili na nusu na sauti ambayo mkunga alisema ni ya mtu mzima. Mama mkwe ndiye aliyempokea akamwadhinia mwenyewe, kwa vile mume wangu alikuwa bado barabarani anatoka Mtwara.

Nilidhani nimetoka kifungoni. Kumbe kulikuwa na arobaini. Siku arobaini ndani ya chumba kilekile, maji ya moto, uji wa pilipili manga, tumbo limefungwa kwa kitambaa. Televisheni ilikuwa palepale ukutani, na kwa siku zote zile hatukuiwasha. Wifi alimbeba mtoto akazunguka naye uani, nami niliwasikia tu. Kabla arobaini haijaisha alipata kazi ya kupika kwenye shule moja Goba, akapanga chumba hukohuko. Tulisaidiana kufunga mizigo yake, mie nimekaa kitandani nakunja nguo. Hatujawa watu wa kupigiana simu kila siku. Akija hukaa nami, na siku nyingine tunajikuta hatuna la kusema, tunakaa.

Siku ya arobaini na moja mama mkwe aliniambia, "Toka sasa, ukaote jua." Nikavaa baibui, nikafungua geti. Nilikuwa nimeota hiyo siku tangu miezi ya ukuta na tangi. Nilitembea mpaka dukani, watu wananisalimia ambao siwajui, wao wanajua habari zangu zote. Nikaendelea mpaka barabara kubwa ya Bagamoyo. Magari yanapita. Nilisimama pale kama dakika kumi nikijiuliza niende upande gani, na sikuwa na pa kwenda. Saluni kiti changu alikuwa ameshakaa mwingine. Maziwa yakaanza kushuka, yakalowesha nguo kifuani, nikajua mtoto kaamka.

Nikageuka nikarudi.